Mapengo ya Josho la Mama

Mama mkwe wangu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ulilala, na mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani. Namwita mama mkwe kwa sababu hakuna jina lingine linalokaa vizuri mdomoni. Kwa kweli aliyenioa ni yeye. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwetu Tarime mwanamke wa namna hiyo akiwa na ng'ombe wake anaweza kuoa mke ili nyumba yake isizimike. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Ng'ombe walitoka zizini kwake wakaenda kwa baba yangu, nami nikatoka kwa baba yangu nikaja Nyarero, nikazaa watoto wanaobeba jina la mume ambaye hajawahi kuwapo. Watoto wanamwita bibi. Mimi namwita mama. Yeye ananiita mkamwana akiwa na furaha, na akiwa hana ananiita "wewe".

Kabla ya ugonjwa alikuwa mtu wa shamba. Alikuwa anaamka kabla yangu, na mimi nikifika kwenye mihogo namkuta ameshamaliza matuta ya upande wa juu. Kwa hiyo alipolala kitandani akawa hawezi hata kujigeuza, kilichomuumiza zaidi si maumivu. Ilikuwa kuona jua linapanda dirishani naye yupo pale pale. Mguu wa kushoto ulikaza kama mti. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alituambia maji ya uvuguvugu husaidia misuli kulegea, lakini sisi tulikuwa na beseni la plastiki tu. Nilikuwa namwosha kipande kwa kipande, mkono, kisha bega, kisha mgongo, na nikifika miguuni maji yameshapoa na yeye anatetemeka.

Binti yake wa kumzaa yuko mmoja, ni muuguzi, ameolewa Mugumu kule Serengeti. Kwangu mimi ni wifi. Siku moja alipiga simu akasema kuna hoteli ya watalii upande wa Machochwe inabadilisha mabafu yake, na yale mahodhi ya kuogea ya zamani, yale marefu ambayo mtu analala ndani, wanayatoa nje. Amepata moja. Nilimuuliza tutaliweka wapi, nyumba yenyewe haina bomba. Akasema, "Wifi, maji si unachemsha? Utamwaga tu ndani."

Likaja juu ya lori lililokuwa linakwenda Tarime kuchukua saruji. Lilikuwa la chuma, limefunikwa na ile rangi ngumu inayong'aa kama ya vikombe vya bati vya zamani, na lilikuwa zito kiasi kwamba wanaume waliolishusha walikaa chini wote walipolifikisha ukumbini. Jirani yangu, mama mmoja mjane anayekaa ng'ambo ya uzio wa minyaa, alilizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Hili ni la kunyweshea ng'ombe?" akauliza.

Mama akajibu kutoka kwenye kiti chake, kwa ule ulimi wake uliokuwa bado mzito, "Ni josho. Ng'ombe ni mimi."

Tangu hapo likaitwa josho. Tuliliweka chumba cha nyuma, fundi akatoboa ukuta, akapitisha bomba la plastiki hadi kwenye migomba. Ikawa kila asubuhi nawasha moto, nachemsha maji kwenye lile sufuria kubwa la harusi, nachanganya na ya baridi, namshika mama kwapani, anakaa kwanza ukingoni, kisha namgeuza, namteremsha taratibu. Maji yakishafika kiunoni alikuwa anafumba macho. Mguu ulikuwa unalegea. Sijui kama nimewahi kuona kitu kinachomfurahisha mtu mzima namna ile.

Mapengo yalikuwapo tangu mwanzo. Wakati wa kuliingiza mlangoni lilijigonga kwenye fremu ya chuma, pale kwenye ukingo, ile rangi ngumu ikabanduka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Halafu mimi nilikuwa namimina maji kwa ndoo ya bati, na ndoo ikigonga, kipande kingine kinaruka. Palipobanduka panaonekana chuma cheusi, na baada ya muda cheusi kinageuka kutu. Hatukuona kwamba ni tatizo. Tulisema tu kwamba josho limeanza kuzeeka, na mama akasema basi linafanana na mwenyewe.

Kijana wangu wa kwanza, anayechimba dhahabu Nyakunguru, alipokuja kutusalimia alilitazama kwa jicho lingine. Alipitisha kiganja juu ya ukingo, akasema chombo kama hiki kingefaa sana kuoshea mchanga wa dhahabu, hasa kwa kuwa kimeshachubuka na hakifai tena kwa urembo.

"Subiri nife kwanza," bibi yake akamwambia.

"Bibi, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii."

Akacheka, akamshika bibi yake mkono, akakaa naye mpaka jua lilipopungua makali, kisha akarudi mashimoni.

Siku niliyojua kwamba mapengo yale si ya urembo tu, nilikuwa nimeshamteremsha mama ndani ya maji, namsugua mabega, nikaona uzi mwekundu unaelea kando ya paja lake la kushoto. Nilidhani ni uzi wa kanga. Nikautia mkono ukatawanyika. Nilimtoa haraka, nikamlaza, nikakuta ngozi ya nyuma ya paja imechanika, mstari mrefu, pale anapokaa ukingoni kabla sijamgeuza. Yeye hakuwa amesikia chochote. Upande ule hausikii.

"Kuna nini?" akauliza.

"Umekwaruzwa kidogo, mama."

"Na nini?"

"Na josho."

Akasema, "Ng'ombe wanaingia joshoni watoke wazima. Mimi nimetoka na kidonda."

Mama ana sukari pia, na kidonda cha mtu mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Nilikisafisha, nikakifunga, nikampigia wifi. Wifi alikuwa zamu, akanijibu kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha koridoni. Alisema tuache kulitumia lile hodhi mara moja. Nikamuuliza mama atasemaje nikimnyima maji. Akasema, "Wifi, mimi nakwambia kama muuguzi." Nikamwambia sawa. Nilipomweleza mama, aligeuza uso ukutani. Jioni hakula.

Siku chache baadaye nikaona nilitengeneze. Kulikuwa na rangi ya mafuta nyeupe iliyobaki tulipopaka madirisha, imekaa chini ya kitanda, utando umeota juu yake. Nikauondoa kwa kijiti, nikakoroga, nikapaka kwenye kila pengo, tabaka mbili nzito. Hadi kesho yake ilikuwa imekauka. Ukigusa ni laini. Kidonda kilikuwa kimefunga juu kidogo, nikakikinga kwa plasta na mfuko wa nailoni, nikachemsha maji, nikamteremsha mama.

Maji ya moto yaliinyanyua ile rangi yote. Ilitoka kama ngozi ya maziwa, ikaelea, ikamganda mama mgongoni na mapajani, na nilipojaribu kuibandua ikapasuka vipande vidogo. Nilimfuta kwa mafuta ya taa kidogo, kwa mafuta ya kula, kwa sabuni, na bado alibaki na mabaka meupe.

"Umenipaka chokaa," akasema, "kama ofisi ya kijiji."

Nilicheka. Naye akacheka, upande mmoja wa mdomo. Kisha nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nipumzike kidogo kabla ya kumtoa, na nilipotaka kusimama nikaona siwezi. Hakuna kilichokuwa kinaniuma. Miguu ilikuwa mizima. Ni kwamba sikuona sababu ya kusimama. Mama alinitazama kutoka majini, mimi nikatazama sakafu, na tulikaa hivyo mpaka yeye aliposema maji yamepoa.

Wiki ile ile nilimwomba jirani akae naye, nikachukua bodaboda hadi Tarime mjini. Niliingia duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Muuzaji alikuwa kijana kutoka upande wa pili wa mpaka wa Sirari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Nikamweleza. Hakucheka, ingawa nilitegemea angecheka.

"Hiyo rangi ya dirisha haiwezi shika, mathe," akasema. "Hiyo kitu ni ngumu kama glasi. Lazima utoe kutu yote kwanza, ukwaruze, ndio ujaze."

Akaniwekea mezani vitu: msasa mkali na msasa laini, brashi ya waya, chupa ndogo ya spiriti, gundi ya chuma ya tyubu mbili zinazochanganywa, na kopo la rangi ngumu ya kupuliza. Aliniambia nipulize kidogo kidogo, ikauke, nipulize tena, nisiwe na pupa. Halafu nisitie maji kabisa mpaka ikomae.

"Ikomae kwa muda gani?"

"Ukiweza wiki, ngoja wiki."

"Nina mgonjwa. Wiki ni nyingi."

Aliinua mabega. "Basi itatoka tena, mathe."

Rangi aliyokuwa nayo ilikuwa nyeupe pe, nyeupe ya shati la shule. Josho letu ni jeupe lililozeeka, kama maziwa yaliyokaa. Nilimuuliza kama kuna inayofanana, akasema hapana. Nikachukua hiyo hiyo.

Kazi yenyewe niliifanya mchana, baada ya kumlisha mama, na nilimweka mlangoni kwenye kiti chake kwa sababu hakutaka kubaki peke yake chumbani. Nilianza na kutu. Niliikamulia limau, nikaacha, nikasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaanza kung'aa. Kisha msasa mkali kuzunguka kila pengo, ili zile kingo kali zilizokuwa kama wembe zilale. Hilo ndilo lililochukua nguvu. Unasugua unadhani umemaliza, unapitisha kidole, kidole kinanasa. Unarudia.

"Bado panakwaruza," mama anasema.

"Umejuaje na uko huko?"

"Naona uso wako."

Nilifuta kwa spiriti. Nilichanganya gundi juu ya kipande cha kigae, sehemu moja na sehemu moja, harufu yake ikanipanda kichwani. Nikaichota kwa ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu, nikaijaza kwenye pengo la ukingoni, nikaisawazisha kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Yale ya chini, karibu na tundu la kutolea maji, yalinilazimu nipige magoti ndani ya josho na kichwa kiwe chini. Mgongo ulilalamika. Nilikuwa nimeinama vile siku nzima maisha yangu yote, kwenye mahindi, kwenye ufuo wa kufulia, juu ya kitanda cha mama, na sasa humu.

Gundi ilipokuwa ngumu nikaisugua kwa msasa laini na maji, na hapo ndipo nilipopata raha kidogo. Msasa laini hautoi kelele kubwa. Ni sauti ya kama mtu anayefagia nyumba ya pili. Nilisugua mpaka kidole kikapita juu ya pengo bila kujua limeanzia wapi. Nikapuliza rangi, nikangoja, nikapuliza tena. Siku hizo mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, hewa nzito, basi nilileta jiko la mkaa mle chumbani, nikafungua dirisha, nikalikausha josho kama mtu anayekausha nguo ya mtoto.

Kisha tukaanza kungoja. Nikarudia beseni. Mguu wa mama ulikaza tena, vidole vikajikunja. Kila asubuhi aliniuliza kama limekomaa. Kila asubuhi nikamwambia bado.

Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kutusogeza karibu ili tusikizane. Nilikuwa namwosha mgongo kitandani. Akasema, "Mkamwana."

"Abee, mama."

"Umechoka."

Hakuwa anauliza. Kwa kawaida ningesema hapana, mama, niko sawa. Ndivyo nilivyowajibu watu wote, jirani, wifi, watoto wangu kwenye simu. Lakini mvua ilikuwa inapiga kelele, na uso wake haukuwa umeelekea kwangu.

"Nimechoka, mama," nikasema.

"Tangu lini?"

Nilifikiri. Nilikuwa na kitambaa mkononi na maji yanadondoka kwenye shuka. "Sijui. Nilipojua nimechoka nilikuwa nimeshachoka zamani."

Akasema, "Mimi nilikuoa unizalie. Sikukuoa unioshe."

"Sasa nani angekuosha?"

"Hilo sikulifikiria. Nilikuwa na nguvu. Mtu mwenye nguvu hafikirii mambo hayo."

Nikakamua kitambaa. Sikuwahi kumsikia akizungumza juu ya siku ile aliponioa. Nakumbuka alikuja mwenyewe kwa baba yangu, amevaa viatu vya ngozi vya kiume, akaketi na wanaume. Mimi nilimwogopa. Nilidhani nitafanywa mtumishi. Kumbe mwaka wa kwanza hata jembe zito hakuniachia, na nilipojifungua mtoto wa kwanza alikaa jikoni siku zote za uzazi akinipikia uji wa ulezi, akamfukuza kila mtu aliyekuja kunisumbua kwa maneno. Hakuwahi kuniuliza nimezaa na mwanamume gani. Kuna wanawake wengine walioolewa nyumba ntobhu ambao hawana hadithi kama hiyo. Nawajua. Mmoja alikimbia usiku na mtoto mgongoni.

"Ukitaka kwenda kwenu," akasema, "nenda. Sitatuma mtu kudai ng'ombe. Watoto wabaki na jina la nyumba, wewe nenda upumzike."

Niliendelea kumwosha. Baba na mama yangu walishakufa. Kwenye boma letu wapo kaka zangu na wake zao, na pale kilipokuwa chumba changu wamejenga ghala.

"Kwetu ni wapi sasa, mama?"

Nilimgeuza, nikampaka mafuta, nikamvika gauni kavu. Nilipokuwa natoka na beseni akasema, kama mtu anayejisemea, "Basi na mimi sina pengine." Hatukulizungumza tena.

Nilipoona imetosha, nilichemsha maji. Nilimimina kwa jagi la plastiki, nikatazama kama rangi itanyanyuka. Haikunyanyuka. Nikamwaga zaidi, nikangoja, nikasugua kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikashika. Nilitandika taulo ukingoni, maana sikuamini tena ukingo mtupu, nikamketisha mama, nikamgeuza, nikamteremsha.

Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akapapasa kando yake. Josho lilikuwa na mabaka sasa, meupe pe juu ya ule weupe wa maziwa, kama ng'ombe aliyezaliwa na madoa.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapo."

Akapitisha kidole, akarudi nacho, akapitisha tena. "Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Alikaa majini mpaka yakapoa kabisa, na hata nilipomwambia atoke alisema nimwongezee ya moto. Nikaenda kuwasha moto upya.

Wifi alikuja mwisho wa wiki, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Alimsalimia mama yake, "Shikamoo mama," akakagua kidonda, akaridhika, kisha akaingia chumba cha nyuma. Nilimsikia akipitisha kucha juu ya chuma. Aliporudi akasema, "Wifi, si ungetafuta fundi? Limekuwa kama lina ugonjwa wa ngozi."

Nilikuwa nachambua mboga za mchicha, na nikaendelea kuchambua.

Mama akasema, "Wewe umekuja kulitazama josho au kunitazama mimi?"

Wifi akatoka nje. Baadaye nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga, analia bila sauti, viatu amevivua. Nilidhani amekasirika. Alikuwa na uchovu. Aliniambia wodini kwake wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi, na kila akigeuza mzee wa mtu mwingine kitandani anamkumbuka wake ambaye hamgeuzi yeye. "Mimi nawaosha mama za watu," akasema. "Wangu unamwosha wewe." Nilimpa kikombe cha chai. Nilikaa karibu naye mpaka maji ya ugali yakachemka.

Asubuhi akasema ana siku za likizo na angependa kukaa na mama Mugumu mwezi mmoja. Nilitegemea mama akatae. Mama alinitazama mimi muda mrefu, kisha akasema sawa. Tukamwingiza kwenye gari la kukodi akiwa amefungwa mablanketi, na godoro jembamba chini ya paja lake. Hakuniaga kwa maneno. Alinishika kifundo cha mkono, akakibana.

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikawasha moto, nikachemsha lile sufuria kubwa la maji. Yalipoanza kutoa mvuke ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kuogeshwa. Nilisimama pale na kata mkononi. Kuyamwaga niliona ni dhambi, kuni zenyewe za siku hizi unazifuata mbali. Nikayapeleka chumba cha nyuma, nikayamimina, nikachanganya, nikafunga mlango, nikavua nguo, nikaingia mwenyewe.

Sikujua namna ya kukaa. Nilikaa kwanza kama mtu aliyepanda gari la mtu mwingine. Kisha nikajiegemeza. Maji yalinifika mabegani, na kitu fulani katikati ya mgongo wangu, ambacho nilikuwa nimekizoea kiasi cha kudhani ni mfupa, kikaachia. Kutoka ndani josho ni tofauti. Niliona pengo ambalo sikuwahi kuliona nikiwa nje, chini ya ule mkunjo wa ukingo, dogo, lenye kutu. Nikasema nitalitengeneza. Halafu nikalala usingizi.

Niliamshwa na jirani anabisha hodi uani.

"Uko wapi?"

"Naoga."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

Akasogea dirishani. "Maji yakibaki nije nilowekee blanketi langu."

"Njoo baadaye," nikamwambia, nikafumba macho tena.

Mwezi haukuisha. Nyumba ya wifi ina bafu la kusimama, maji yanatoka juu. Walimweka mama kwenye kiti cha plastiki, wakamfungulia, na kila siku alilalamika. Siku ya kurudi, gari lilipofunga breki uani, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Nimenyeshewa kama mbuzi aliyesahaulika malishoni." Uso ulikuwa umejaa kidogo. Wifi alikuwa amempunguza kucha na kumsuka. Nilimbeba ndani, nikagundua kwamba mikono yangu ilikuwa imepumzika, kwa sababu niliusikia uzito wake upya.

Tangu hapo wifi akipata nafasi huja yeye, siku mbili au tatu, na siku hizo mimi nalala, au nakwenda Nyakunguru kumtazama mwanangu na kumpelekea mihogo. Si mara nyingi kama alivyoahidi. Ni mara nyingi kuliko zamani. Akija huwa anamwogesha mama mwenyewe, mlango wamefunga, nawasikia wakibishana juu ya joto la maji.

Lile pengo la chini ya mkunjo nililijaza. Moja la karibu na tundu limeanza kunyanyuka pembeni, maji yameingia chini ya rangi. Nimeshalisugua mpaka kwenye chuma na kulifuta. Gundi iliyobaki ilikuwa imekaukia ndani ya tyubu, kwa hiyo nangoja barabara ikauke nipate bodaboda ya kwenda mjini, na kwa sasa nimelifunika kwa kipande cha kandambili nilichokikata duara, mama anakanyaga juu yake kwa mguu ule unaosikia.